Pepo wa Nyuma ya Karakana

Kwa maneno ya Redio mwenyewe, mambo yalikuwa hivi. Alikuwa anatoka sokoni mchana, kikapu kichwani, jua limemkalia utosini kama mgeni asiyeaga, akaona heri apite njia ya mkato, ile inayozunguka nyuma ya karakana ya kushonea sare na kuteremka kijitoni. Kufika penye miti, mwili ukamsisimka. Chini ya mti mkubwa ulioinamia maji amekaa binti, miguu peku, uso ameuinua juu, anaongea. Anaongea peke yake! Tena anagombeza: "Fumua! Fumua, nakuambia, anza upya!" Na kule juu, asema Redio, hapakuwa na mtu. Majani tu yalikuwa yanatikisika, na siku hiyo upepo haukuwapo hata wa dawa.

"Nikamwita," alisimulia bombani. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa na kumwagika zamani, lakini nani angefunga bomba katikati ya habari kama hiyo? "Nikamwuliza, mwanangu, unafanya nini huku? Akageuka. Akanitazama, macho makavuuu. Akaniambia kwa kinywa chake: Mama, napunga pepo."

"Hee!" wakaitikia waliokuwa bombani.

"Kwa kinywa chake! Sijaongeza, sijapunguza."

Jirani huyu hakuitwa Redio bure. Wengine hutia habari chumvi. Yeye huiunga kabisa, akaifunika, ikachemka. Habari ilipofika nyumba ya pili, binti alikuwa amejifunga shuka jeupe. Ilipofika dukani kwenye kona, palikuwa na nyoka. Na jioni, ilipomfikia kaka yake yule binti, ambaye alikuwa ameinama mlangoni anavua buti zake za kazi, nyoka alikuwa ameota vichwa.

Binti mwenyewe kazini walimwita Kola. Kazi yake ilikuwa hiyo: wenzake walishona migongo, mikono, mifuko, yeye akashona kola. Na kola ndiyo uso wa shati. Pindo likienda mrama mtu atachomekea, mkono ukizidi atakunja, lakini kola ikikaa upande, mwenye shati ataonekana siku nzima kama mtu aliyekabwa kidogo akaachiwa. Kola alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye macho ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya.

Kisha mama yao akafariki.

Kola ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Kaka alikuwa juu ya ngazi mtaa wa mbali, anachomelea geti la watu. Mpaka anafika, walikuwa wameshamfunika mama uso. Siku zile za msiba Kola hakulia sana. Alikuna nazi, akaosha sufuria, akakunja mikeka. Watu wakasema, huyu binti ni jabali. Hawakujua kwamba kilio kilikuwa kimeteremka mikononi. Aliporudi kazini akaketi, akaweka kitambaa chini ya sindano, na mikono ikaanza kutetemeka yenyewe, kama ya bibi kizee anayepokea kikombe. Sindano ikavunjika. Akaweka nyingine, nayo ikavunjika. Cherehani za chumba kizima zikawa zinangurumia ndani ya kichwa chake, na hata usiku akilala zilikuwa hazizimwi.

Msimamizi wa karakana, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni kama shada, alimtazama kwa muda, kisha akamtoa kwenye mashine na kumweka kwenye meza ya kukata nyuzi zinazoning'inia. Hakumkemea. Mchana mmoja tu alimwambia, "Kola, toka nje ukapumue. Na usirudi hapa mpaka umepumua kweli."

Ndipo Kola akatokea mlango wa nyuma, akapenya kwenye uwazi wa uzio, akateremka mpaka kijitoni.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Alikaa chini ya mti, maji yakapita, akarudi. Siku ya pili akavua viatu. Kitu alichokipenda pale, kama angeulizwa, ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia pole. Nyumbani kila aliyemtazama alikuwa na pole mdomoni na swali nyuma yake: unaendeleaje, umekula, unalala? Kijito hakikuuliza. Kilikuwa na shughuli zake, kinazunguka mawe, kinaburuta jani, kinaliacha, kinaokota jingine. Ukikaa, haya. Ukiondoka, haya.

Siku ya tatu, au labda ya nne, alimwona fundi mwenzake.

Alikuwa mnana, ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, anafuma kiota kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji. Kola akasahau hata chakula chake. Ndege alikuja na utepe mrefu wa jani mdomoni, akaupitisha chini, akauzungusha, akauvuta kwa mdomo mpaka ukakaza, akaupitisha tena. Alishona! Hakika alishona, tena bila ya uzi wala mkasi, bila ya msimamizi. Lakini jicho la kazi halidanganyiki. Kola aliona kwamba ukingo wa chini, pale pa kuingilia, mshono ulikuwa umelegea. Akanyamaza. Si kazi yake. Kesho yake akaja jike, akaingia, akatoka, akashika uzi ule ule uliolegea kwa ncha ya mdomo, akauvuta, akaruka zake. Kiota kikabaki kimefumuka upande mmoja kama soksi kuukuu. Bwana mnana akakaa juu ya tawi, manyoya yamemsimama, anapiga kelele za kulalamika.

"Usimlaumu," Kola alimwambia. "Hata mimi ningekataa. Fumua, baba. Fumua uanze upya."

Akasikia sauti yake, akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua, maana kilikuwa hakijatoka tangu msibani. Alipotazama mapajani, mikono yake ilikuwa imelala pale kama paka wawili waliokula wakashiba.

Tangu hapo akawa anakwenda kila mchana. Alikula huko, akamtazama mnana, akasikiliza maji, akarudi. Cherehani zile za kichwani zikaanza kuzimika moja moja. Msimamizi akamjaribu na kola moja, kisha na kola za asubuhi nzima, mwishowe akamrudisha kwenye mashine yake bila ya hotuba. Aliigonga mashine mgongoni kama mtu anayempa mwenzake farasi, akaenda zake.

Mambo yalikuwa yamefika hapo, Kola anamkumbusha tena mnana afumue, ndipo Redio akapita na kikapu chake.

Jioni ile kaka hakula. Alimwita dada yake chumbani, akamwita na jirani ili aseme mbele yake. Wifi alikaa kitandani amempakata mtoto. Mtoto alipomwona shangazi yake akanyoosha mikono amwendee, kama kawaida yake, lakini wifi akamrudisha kifuani taratibu, na Kola akaliona hilo kabla hata ya kukaa.

"Mdogo wangu," kaka alianza, "mama huyu anasema ulimwambia unapunga pepo. Ni kweli?"

"Nilimwambia napunga upepo, Kaka."

"Pepo," alisema Redio.

"Upepo, Mama."

"Mwanangu, mimi sina duka wala shamba. Masikio haya ndiyo mtaji wangu. Ulisema pepo."

"Nilisema upepo. Ulikuwa mbali."

"Basi hiyo *u* uliimeza," Redio alisema, akijifunga upya khanga yake. "Umeimeza mwenyewe, unataka mimi nikaitafute tumboni mwako?"

Wifi alitaka kucheka, akakumbuka hali ilivyo, akaficha mdomo kwenye nywele za mtoto. Kaka hakucheka. Vumbi la chuma lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi, na macho yake mekundu, ya moto wa kazi na ya kukosa usingizi, yalikuwa juu ya dada yake.

"Tuseme ni upepo. Mtu anayepunga upepo hukaa akapepewa. Wewe ulikuwa unamgombeza nani?"

Kola akatafuta namna ya kulisema. Hakuipata. Akalisema kama lilivyo.

"Ndege."

Hapo ndipo alipoharibu. Redio alifungua mikono kama mtu anayesema, sina la kuongeza, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu kweli hakuongeza.

"Sikiliza," alisema kaka baada ya jirani kutoka. Sauti aliishusha, ikawa mbaya zaidi. "Mama ameniachia wewe. Mimi sitaki kusikia mtaa mzima unasema mdogo wangu anaongea na miti na mimi nimekaa naangalia. Kule usikanyage tena. Nikisikia umekanyaga, Jumapili nakupeleka kwa shangazi, akutafutie watu wa kukutazama. Na kazi utaiacha."

"Kaka, kule ndiko ninako..."

"Nimemaliza."

Kola alikuwa na subira ya sindano: haigombani na kitambaa kigumu, husogea kidogo, ikatafuta palipo na nafasi.

Siku zilizofuata mchana alikula ndani, kwenye benchi la karibu na mashine. Wenzake walishangilia, "Leo bibi harusi amekubali kukaa na sisi!" Wakamkatia kipande cha mhogo, wakamsimulia vichekesho, akacheka pale palipotakiwa kuchekwa. Lakini kufika saa za jioni mikono ikaanza. Alishona kola ikatazama ndani. Akaifumua, akaishona, ikatazama ndani tena. Msimamizi akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Kola, juzi ulikuwa unateremka kama maji. Nani amekuwekea jiwe?"

"Hakuna, Mama."

"Haya. Lakini jiwe likibaki hapo mpaka Jumatatu, nitakurudisha kwenye nyuzi. Sare hizi watoto watazivaa, si maonyesho."

Nyumbani nako wifi alikuwa na macho yake. Wifi huyu si mtu mbaya. Aliogopa tu, na aliogopa kwa ajili ya mtoto, hofu ambayo haina dawa ya maneno. Lakini aliona kikombe kikitetemeka mkononi mwa Kola mpaka chai ikamwagikia sahani. Aliona sahani yenyewe ikirudi jikoni na chakula kizima. Na Jumamosi jioni, alipotoka kuanua nguo, alimkuta Kola amechuchumaa nyuma ya bafu la nje, pale maji machafu yanapopita, uso karibu ugusane na ukuta.

"Wifi! Umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza. Natazama."

Wifi akainama. Kwenye ufa wa sementi palikuwa pameota jani moja, la aina ile ambayo mtu huing'oa bila ya kufikiri, na kwenye jani hilo mdudu mdogo wa kijani alikuwa anapanda. Akifika juu anateleza, anaanza tena. Wifi alitazama. Alikuwa amekusudia kutazama kidogo tu kwa heshima, akajikuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nguo begani.

"Hafiki huyu," alisema baadaye.

"Jana alifika," alisema Kola.

Usiku huo, mlango wa chumba ukiwa umerudishwa tu, Kola alimsikia wifi yake akisema, "Baba watoto, akili za kuambiwa changanya na zako. Umeambiwa na Redio. Nenda basi ukaone wewe mwenyewe."

"Nikaone nini? Miti?"

"Hata miti. Wewe mwenyewe usiku hulali, unageukageuka kama chapati. Mimi nasema?"

Asubuhi ya Jumapili, Kola alipotoka chumbani amefungasha nguo zake chache ndani ya mfuko, tayari kwa safari ya kwa shangazi, alimkuta kaka amesimama uani amevaa buti zake za kazi, mkononi ameshika kipande cha bomba la chuma.

"Nionyeshe," alisema.

"Na bomba la nini, Kaka?"

"Umesema kuna nyoka."

"Mimi sijasema nyoka."

"Kuna aliyesema. Twende."

Bombani Redio alikuwa tayari kituoni kwake. "Mnaelekea wapi, wanangu, asubuhi yote hii?"

Wifi ndiye aliyemjibu kutoka dirishani, mtoto kiunoni. "Wanakwenda kupunga *uuuu*-pepo, Mama! Umeisikia hiyo *u*, au nikuongezee nyingine?"

Waliokuwa bombani wakacheka mpaka mmoja akaketi.

Uwazi wa uzio ulimtosha Kola, haukumtosha kaka. Alinasa katikati, tumbo upande huu, mgongo upande ule, akawa anausonya ule waya kama mtu aliyetukanwa. "Nani kafunga hivi? Hii si kazi, huu ni uhuni," alisema, na Kola akamwinulia waya bila ya kucheka, jambo lililomgharimu. Walipofika chini ya mti, kaka alisimama katikati kama askari wa zamu. Akatazama juu. Akatazama nyuma ya shina. Akapiga nyasi kwa bomba, akatoka mjusi mmoja, akakimbia zake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo... ndege wako."

"Atakuja. Kaa, Kaka. Ukisimama hivyo anakuona kama ngazi."

Kaka hakutaka kukaa. Alisimama mpaka miguu ikachoka, kisha akachuchumaa, kisha akakaa nusu, na mwisho akanyoosha miguu mbele, buti zake nzito karibu na maji. Kola alimwacha. Alikuwa amejifunza kwamba mahali pale hapapendi kusukumwa.

Mnana akaja. Alikuwa ameanza kiota kingine kwenye tawi jirani, na safari hii alikuwa bado kwenye duara la mwanzo, pete tupu ya majani inayobembea juu ya maji. Kaka akakunja uso. Akasogea mbele kidogo.

"Ameanza na fremu," alisema kwa sauti ya chini.

"Eeh."

"Ndivyo. Huwezi kuanza na maua. Hata geti, wateja wanakuja wanataka maua, mishale, sijui simba. Fremu kwanza." Akamfuata ndege kwa macho akienda kuchana jani jingine na kurudi. "Mwone, anabana kwanza sehemu moja, anahamia upande wa pili. Ili isipinde. Nani kamfundisha huyu?"

"Kiota cha kwanza alivunjiwa na mkewe."

"Alivunjiwa?"

"Ukingo ulilegea. Mimi nilimwambia afumue, ndipo Redio akanisikia."

Kaka alimgeukia dada yake. Akamtazama kama mtu anayesoma herufi moja moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kola akashtuka, akadhani ni kilio, kumbe kaka alikuwa anacheka, kicheko cha puani, cha mtu aliyekuwa ameziba mdomo wake muda mrefu. "Nyoka mwenye vichwa," alisema. "Nyoka! Mwenye vichwa!" Bomba likamponyoka, likabingirika, likaingia majini, na hakuna aliyelifuata.

Jike alifika jua likiwa limepanda. Wote wawili wakazuia pumzi. Jike akakaa kwenye ile pete, akaigusa huku, akaigusa kule, akaruka.

"Hajakataa," alinong'ona kaka.

"Hajakubali pia."

"Lakini hajakataa."

Wakakaa. Upepo uliteremka kutoka juu ya karakana, ukapita kwenye majani, ukapita kwenye shati la kaka, na kaka akafumba macho akauacha upite. Alikaa hivyo mpaka Kola akadhani amesinzia. Alipoongea, hakuyafumbua.

"Kuna kitu masikioni mwangu kimezima. Ile mashine ya kusagia chuma. Tangu msiba ilikuwa inalia tu. Nikila inalia, nikilala inalia. Nilidhani ni kazi."

"Zangu zilikuwa cherehani," alisema Kola.

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

Kaka alitikisa kichwa polepole. Aliokota kijiwe, akakitazama, akakirudisha palepale alipokitoa.

"Utakuja hapa," alisema. "Kila siku ukitaka. Shangazi nitampigia, nimwambie asihangaike. Na Redio nitamtafutia habari nyingine ya kutangaza." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya shina. "Wakati mwingine na mimi nitapita. Si kila siku. Nitakaa upande ule, sitakusumbua."

"Huo uzio utakutoboa, Kaka."

"Nitaukata. Nitaweka kimlango."

Kola akatabasamu, akarudisha macho juu ya tawi. Mnana alikuwa ameshusha uzi mwingine, anaupitisha chini, anauvuta. Maji yalizunguka mawe. Kwa mbali, upande wa mtaani, mtu alikuwa anagonga kitu, na sauti ilifika pale imechoka, haina nguvu ya kumsumbua mtu.

Kaka alisogea, akakaa karibu naye zaidi, magoti juu, kama walivyokuwa wakikaa utotoni mlangoni wakimsubiri mama arudi. Alivua buti moja, kisha ya pili, akaziweka kando, akaweka miguu yake kwenye nyasi. Kola aliona kwamba mikono ya kaka yake, mikono ile inayoshika chuma cha moto, sasa ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

"Nyumbani siwezi kukuuliza," alisema. "Kule kila ukuta una sikio, na mimi... mimi nikiuliza mbele ya watu nitaanguka. Lakini wewe ulikuwepo. Ni wewe peke yako uliyekuwepo." Akang'oa jani moja la nyasi. "Mama alisema nini, mwishoni? Niambie. Kama alinitaja, niambie. Na kama hakunitaja, niambie vilevile."